Svalbard: visiwa vya barafu vyenye mkataba ambao Kamina ingefaa kuusoma

UCHAMBUZI

Desemba 4, 2025, Rais Félix Tshisekedi na Rais Paul Kagame wa Rwanda walitia saini makubaliano ya Washington mbele ya Rais Donald Trump. Tangu siku hiyo neno "mkataba" halijatoka midomoni mwa watu katika nchi yetu, kwa sababu siku hiyohiyo Kongo na Marekani zilitia saini pia ushirikiano wa kimkakati unaogusa madini. Wanaouunga mkono wanasema amani na fedha vinakuja. Wanaoupinga wanasema nchi imewekwa rehani. Huku Kamina, makao makuu ya jimbo lisilo na migodi mikubwa kama ya Kolwezi, swali ni jingine: katika karatasi zote hizi, ni wapi palipoandikwa kwamba kitu fulani lazima kibaki kwa watu wa mahali?

Upo mkataba mmoja wa kimataifa unaojibu swali hilo kwa maneno machache. Unahusu Svalbard, kundi la visiwa vya barafu karibu na Ncha ya Kaskazini, na ulitiwa saini Paris Februari 9, 1920. Miezi mitano tu kabla yake, Septemba 10, 1919, huko Saint-Germain-en-Laye nje kidogo ya Paris, mataifa makubwa yalikuwa yametia saini karatasi nyingine, na hiyo ilihusu bonde la Kongo. Marekani, Uingereza, Ufaransa, Italia na Japani ziliweka saini kwenye zote mbili. Ukizisoma pamoja, unaona jinsi mikono ileile ilivyoweza kuandika masharti tofauti kwa nchi mbili zenye utajiri chini ya ardhi.

Visiwa viko wapi

Svalbard iko kati ya Norway na Ncha ya Kaskazini, katika nyuzi 74 hadi 81 kaskazini mwa ikweta. Mji wake mkuu, Longyearbyen, uko kama kilomita 1,300 tu kutoka kwenye Ncha yenyewe. Visiwa vyote kwa pamoja vina ukubwa wa kilomita za mraba kama 61,000, yaani zaidi kidogo ya nusu ya jimbo letu la Haut-Lomami. Kisiwa kikubwa zaidi kinaitwa Spitsbergen. Zaidi ya nusu ya ardhi yote imefunikwa na barafu isiyoyeyuka mwaka mzima, na mlima mrefu kuliko yote, Newtontoppen, una mita 1,713.

Sisi tunagawa mwaka kwa masika na kiangazi. Kule wanaugawa kwa mwanga na giza. Longyearbyen haioni jua kuanzia mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Februari. Kisha, kuanzia karibu Aprili 20 hadi Agosti 23, jua halizami hata usiku wa manane. Hakuna mti unaosimama. Mahindi hayaoti wala muhogo. Chakula karibu chote kinaletwa kwa meli au kwa ndege. Anayetoka nje ya mji hubeba bunduki, kwa sababu ya dubu weupe.

Watu hawafiki 3,000. Wengi wanaishi Longyearbyen, na kuna kijiji cha Warusi, Barentsburg, ambako makaa ya mawe bado yanachimbwa. Kiongozi wa utawala ni gavana anayeteuliwa na serikali ya Oslo. Pamoja na Wanorway wanaishi watu wa mataifa mengi, wakiwemo Wathailand na Wafilipino, kwa sababu visiwa hivi havidai viza. Masharti ni kwamba mtu ajitegemee: mwenye kazi na nyumba anakaa, asiye na njia ya kujilisha anarudishwa alikotoka.

Lililo muhimu zaidi kwa hoja yetu ni hili: Svalbard haikuwa na wenyeji. Baharia Mholanzi Willem Barentsz alipoiona mwaka 1596, hakukuta kijiji wala mfalme. Kando ya ziwa Kisale, hapa kwetu katika bonde la Upemba, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta huko Sanga makaburi ya watu waliofua chuma na shaba mamia ya miaka kabla ya Barentsz kuzaliwa. Ufalme wa Waluba ulikuwa na Mulopwe, mahakama na kodi zake. Nchi moja ilikuwa tupu, nyingine ilikuwa na wenyewe.

Mlango wazi usio na mwenye nyumba

Kwa zaidi ya miaka 300 baada ya Barentsz, Svalbard ilikuwa ya kila mtu, na kwa hiyo haikuwa ya mtu yeyote. Waingereza na Waholanzi walifika mwanzoni mwa karne ya 17 kuwinda nyangumi na kuyeyusha mafuta yao. Waholanzi walijenga kituo cha Smeerenburg ufukweni. Meli zilishindana, hata zikatishana kwa mizinga. Kabla ya mwaka 1660 Smeerenburg ilikuwa imeachwa, na nyangumi wa eneo lile wakawindwa hadi karibu kumalizika kabisa. Waliwafuata wawindaji Warusi na Wanorway, wakimaliza sili-pembe na dubu.

Mtu wa Kongo anaitambua hadithi hii. Mkataba wa Berlin wa Februari 26, 1885, ulitangaza biashara huru kwa mataifa yote katika bonde la Kongo, na ukakataza ukiritimba wa biashara. Mlango uliachwa wazi kwa maandishi. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, aliyekabidhiwa nchi, alitangaza kuwa ardhi zote alizoziita tupu ni mali ya dola yake, akachukua pembe za ndovu na mpira kwa nguvu ya bunduki na viboko. Katika Katanga, Mfalme Msiri aliuawa Desemba 20, 1891, alipokataa kuinamia bendera ya Leopold. Kule walikwisha nyangumi. Huku walikwisha watu pia.

Mwaka 1906

Mwaka mmoja unaviunganisha visiwa vile na reli inayopita Kamina. Mwaka 1906 Mmarekani John Munro Longyear na wenzake walianzisha kampuni ya kuchimba makaa ya mawe Spitsbergen. Kambi yao ndiyo iliyozaa Longyearbyen, mji unaobeba jina lake hadi leo. Mwaka huohuo wa 1906, mwezi wa Oktoba, zilianzishwa Union Minière du Haut-Katanga, iliyochimba shaba yetu, na BCK, kampuni ya reli ya kutoka Bas-Congo hadi Katanga. Reli ya BCK kutoka Bukama hadi Ilebo, ambayo zamani iliitwa Port-Francqui, ilifunguliwa mwaka 1928. Kamina ikawa kituo chake, baadaye njiapanda ya treni za Lubumbashi, Kananga na Kalemie.

Hapo ndipo njia zilipoachana. Mwaka 1916 Wanorway walinunua migodi ya Longyear. Mwaka 1920 mataifa yakaipa Norway mamlaka kamili juu ya visiwa, kwa masharti. Norway ilianza kutawala rasmi Agosti 14, 1925.

Karatasi mbili, masharti mawili

Mkataba wa Svalbard unawapa raia wa nchi zote zilizotia saini haki sawa ya kuvua, kuwinda, kuchimba madini na kufanya biashara. Leo nchi hizo ni zaidi ya 40, Afrika Kusini na Misri zikiwemo. Hadi hapo, unafanana na karatasi ya Saint-Germain: nayo ilidai usawa wa kibiashara kwa raia wa nchi zilizotia saini, na ikasema dola yenye koloni inaweza kugawa vibali vya mali ya asili mradi isiwabague raia wa mataifa hayo.

Tofauti imo katika vifungu vya 8 na 9 vya mkataba wa Svalbard. Kifungu cha 8 kinasema kodi na ushuru vinavyokusanywa katika visiwa vitumike kwa ajili ya visiwa tu, na visizidi kiasi kinachohitajika kwa kazi hiyo. Ushuru wa kusafirisha madini nje umewekewa kikomo cha asilimia 1 ya thamani kwa tani 100,000 za kwanza, kisha unapungua. Kifungu cha 9 kinakataza kujenga kituo cha jeshi la majini au ngome, na kinasema visiwa visitumiwe kamwe kwa vita.

Karatasi ya Saint-Germain haina sharti la kufunga mapato yote ya kodi kwenye nchi yalikotoka. Wenyeji wanatajwa ndani yake kama watu wa kuangaliwa, wala si kama watu wa kuulizwa. Hakuna Mkongo aliyekaa mezani. Mwaka huohuo wa 1919, huko Ubelgiji, Paul Panda Farnana, mtaalamu wa kilimo aliyepigana upande wa Ubelgiji katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alianzisha chama cha Wakongo, Union Congolaise, kudai haki za ndugu zake. Alikuwa karibu na meza hiyo kwa umbali wa safari ya treni, lakini hakuwa na kiti.

Hili ndilo jambo la kuumiza. Waandishi wa mikataba ya wakati ule walijua namna ya kuandika kwamba mali ya mahali ilipie mahali. Waliliandika mahali ambako hakuna mwenyeji wa kulidai.

Mgodi unapoua, mgodi unapofungwa

Mkataba peke yake haumlindi mchimbaji. Novemba 5, 1962, mgodi wa makaa ya mawe wa Ny-Ålesund, Spitsbergen, ulilipuka na kuua watu 21. Mgodi ulikuwa mali ya serikali, na milipuko ilikuwa imekwisha kuua humo miaka ya nyuma. Tume ilichunguza, bunge la Oslo likajadili, na Agosti 1963 serikali ya Waziri Mkuu Einar Gerhardsen ikaangushwa kwa kura ya kutokuwa na imani. Alirudi madarakani baada ya wiki chache, lakini uchimbaji wa Ny-Ålesund haukurudi. Leo pale ni kijiji cha watafiti.

Juni 27, 2019, karibu na Kolwezi, ardhi iliporomoka na kuwafunika wachimbaji wadogo walioingia katika eneo la kampuni. Zaidi ya 40 walikufa. Hakuna serikali iliyoanguka. Mtu anaweza kusema wale waliingia bila ruhusa. Ni kweli. Lakini mtu aliyekosa kazi nyingine na anayejua wapi kuna mawe ya kuuza ataingia tena kesho, na kifo chake kinabaki habari ya siku tatu.

Tuangalie pia mgodi unapofungwa. Svea, kwenye kisiwa cha Spitsbergen, ilichimbwa kwa karibu miaka 100. Norway ilipoamua mwaka 2017 kuufunga, haikuondoka na kuacha mashimo. Iling'oa nyumba, mitambo, barabara na uwanja wa ndege, ikarudisha ardhi karibu na ilivyokuwa, na kuacha tu vitu vya kale vinavyolindwa na sheria ya mazingira ya Svalbard ya mwaka 2001. Gharama zilibebwa na serikali, ambayo ndiyo mwenye kampuni. Mgodi wa mwisho wa Wanorway, ule unaoitwa namba 7, ulifungwa katikati ya mwaka 2025. Mji unaendelea kwa utalii, chuo, vituo vya kupokea habari za satelaiti, na ghala maarufu la mbegu lililofunguliwa mwaka 2008, ambalo lina sampuli zaidi ya milioni moja, zikiwemo za kituo cha IITA cha Ibadan, Nigeria.

Sasa nenda Manono, katika jimbo jirani la Tanganyika, mwisho wa barabara mbaya inayojulikana na kila dereva wa lori wa upande huu. Bati lilichimbwa pale tangu wakati wa Wabelgiji. Kazi ilipokwisha, yalibaki marundo ya mchanga na mashimo makubwa yaliyojaa maji. Leo Manono inatajwa tena duniani kwa sababu ya lithiamu ya betri, na wawekezaji wanashindana. Mashimo ya kwanza bado hayajafukiwa.

Kuhusu silaha

Kifungu cha 9 kinastahili kusomwa hapa Kamina kuliko mahali pengine, kwa sababu mji wetu unajulikana nje kwa vitu viwili: reli na kambi ya jeshi, ile watu wanayoiita Base. Wabelgiji waliijenga baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na uhuru ulipofika Juni 30, 1960, ilikuwa bado mikononi mwao. Novemba 1964, ndege zilizobeba makomando wa Ubelgiji zilitua Kamina kabla ya kuwaangusha Stanleyville, Kisangani ya leo, asubuhi ya Novemba 24. Eneo lililokuwa na watu wengi na madini jirani lilipewa uwanja wa vita. Visiwa visivyo na mtu vilipewa amani kwa maandishi.

Hata huko, maandishi hayakutosha. Septemba 8, 1943, meli za kivita za Ujerumani, Tirpitz na Scharnhorst, ziliipiga Longyearbyen na Barentsburg kwa mizinga hadi zikabaki majivu. Na leo Kaskazini kunachemka tena. Tangu mwaka 2025 Rais Trump amesema wazi kwamba Marekani inaitaka Greenland, kisiwa jirani kilicho chini ya Denmark. Urusi inailaumu Norway kwamba inakiuka kifungu cha 9. Umoja wa Ulaya ulibishana na Norway kuhusu uvuvi wa kaa, hadi Mahakama Kuu ya Norway ikaamua Machi 2023 kwamba haki sawa za mkataba haziendi zaidi ya maili 12 za bahari kutoka pwani. Barafu nayo inapungua: joto la Svalbard linapanda mara sita hadi saba zaidi ya wastani wa dunia. Kadiri bahari inavyofunguka, ndivyo macho yanavyoongezeka.

Tahadhari kwa Kamina

Wengi hapa watasoma habari ya kifungu cha 8 na kusema: basi, na sisi tudai kodi ibaki ilikotoka. Hapo tusimame kidogo.

Sheria zetu tayari zinasema jambo linalokaribia hilo. Katiba ya Februari 18, 2006, kifungu cha 175, inazipa majimbo asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, yakatwe palepale yanapokusanywa. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 9, 2018, inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta au chefferie yenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kobalti imetangazwa kuwa madini ya kimkakati, na mrabaha wake ni asilimia 10. Kampuni inatakiwa pia kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Kwenye karatasi, Kongo imeipita hata Svalbard.

Lakini mgawo huo unalipa mahali penye mgodi. Katanga ilipogawanywa mwaka 2015 kuwa majimbo manne, Lualaba na Haut-Katanga zilibaki na shaba na kobalti. Haut-Lomami ilibaki na maeneo matano: Kamina, Bukama, Kabongo, Kaniama na Malemba-Nkulu, yenye mashamba, mito, samaki, mbuga ya Upemba, na kasiterite na koltani inayochimbwa zaidi kwa mikono. Tukichukua kanuni ya Svalbard neno kwa neno, Kolwezi inashiba na Kamina inalala njaa. Tena tukumbuke kwamba hoja ya "mali ya Katanga ibaki Katanga" ndiyo iliyobebwa na waliojitenga Julai 11, 1960, na mwisho wake sisi Wakatanga wa kaskazini tunaujua kwa makaburi.

Swali la kweli, basi, ni "mahali" maana yake nini. Svalbard ni rahisi: visiwa vina pwani, ukifika majini umefika mwisho. Mgodi wa Katanga haukuwa kisiwa hata siku moja. Union Minière iliajiri vijana kutoka Lomami. Samaki wa maziwa ya Upemba, waliokaushwa Bukama, walikuwa kwenye sahani za wafanyakazi wa migodi. Mahindi na muhogo wa bukari yao vilitoka mashamba ya huku. Reli iliyobeba mizigo ilipita katikati ya vijiji vyetu, na matuta yake yalijengwa kwa mikono ya babu zetu. Anayelisha mgodi na anayeubebea mizigo ni sehemu ya mahali pake.

Katiba ilielewa jambo hili. Kifungu cha 181 kilianzisha Mfuko wa Taifa wa Kusawazisha, upewe asilimia 10 ya mapato yote ya dola, ujenge miradi katika majimbo na kurekebisha tofauti kati yao. Ndiyo sheria inayomhusu mtu wa Kamina kuliko mrabaha wa kobalti. Ndiyo pia inayotajwa kidogo kuliko zote katika mikutano ya siasa.

Tusiitukuze Norway

Kuna mambo ambayo mfano huu hauwezi kubeba. Norway ni nchi tajiri yenye mafuta yake baharini, na kila mwaka serikali ya Oslo inaongeza fedha zake kwenye bajeti ya Svalbard, kwa sababu kodi ya visiwa haitoshi. Inafanya hivyo pia kwa hesabu ya kisiasa: mji wenye watu ni bendera isiyoshuka. Mwaka 2022 iliwaondolea kura za mitaa wageni wengi ambao hawajaishi Norway bara kwa miaka mitatu, na watu waliokaa Longyearbyen muda mrefu wakajikuta wanalipa kodi bila kuchagua. Na kutawala watu wasiofika 3,000 kuna tofauti na kutawala jimbo lenye mamilioni ya watu, barabara zilizokatika na madaraja yaliyochukuliwa na mvua.

Hata hivyo kuna jambo dogo ambalo halihitaji utajiri. Svalbard ina bajeti yake, iliyotengwa ndani ya bajeti ya serikali ya Norway. Mtu akitaka kujua kilichokusanywa visiwani na kilichotumika visiwani, anafungua kurasa hizo na kusoma. Hilo ni daftari tu, na daftari halina bei kubwa.

Cha kudai sasa

Makubaliano ya Washington yatakuja na ahadi za reli, migodi na viwanda. Ukanda wa Lobito, unaopita Angola hadi Dilolo, Kolwezi na Tenke, tayari unavuta fedha. Reli yetu inaanza Tenke kwenda kaskazini, na kila mwaka inayochelewa kukarabatiwa, Kamina inakuwa njiapanda ya treni zisizofika. Wabunge wa Haut-Lomami walioko Kinshasa wana haki ya kuuliza kama tawi la Tenke hadi Kamina, na kutoka Kamina hadi Kabalo kuelekea lithiamu ya Manono na ziwa Tanganyika, limo katika mipango hiyo au limesahauliwa.

Wana haki pia ya kuuliza mambo ambayo mkataba wa Svalbard na historia yake vimetufundisha kuuliza. Fedha zitakazokusanywa zitaandikwa kwenye daftari gani, na nani ataruhusiwa kulisoma? Mgodi ukifungwa, nani ameweka dhamana ya kufukia mashimo, na dhamana hiyo iko benki gani? Ulinzi wa migodi na reli ukiletwa, askari watakuwa wa nani, na Base ya Kamina itatumiwa kwa kazi ipi?

Bunge la jimbo, hapa Kamina, linaweza kuanza na dogo zaidi bila kusubiri Washington wala Kinshasa: kubandika hadharani, kila miezi mitatu, fedha ambazo jimbo lilitakiwa kupokea kwa kifungu cha 175, fedha zilizofika kweli, na miradi ya Mfuko wa Kusawazisha iliyopangwa kwa kila eneo kati ya yale matano. Mkulima wa Kabongo na mvuvi wa Malemba-Nkulu hawahitaji kusoma mikataba ya Paris ili kuelewa orodha hiyo. Wanahitaji kuiona ukutani, na kumuuliza mbunge wao namba moja na namba ya pili kwa nini hazilingani.

Kifungu cha 8 cha Svalbard kina sentensi chache. Vifungu vya 175 na 181 vya Katiba yetu navyo ni vifupi. Kile cha kwanza kinatekelezwa kila mwaka katika bajeti inayosomwa na yeyote. Vya kwetu vimekaribia miaka 20, na jimbo la Haut-Lomami bado linahesabu kilichofika badala ya kuhesabu kinachostahili.